Maneno ya Kiajemi, Sentensi ya Kibantu

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa redioni na Afisa Elimu. Mwalimu wa darasa awe na ubao na chaki tayari.

Shikamoni wazee wangu, baba zetu na mama zetu mlioketi darasani jioni hii Uru, tangu Kishumundu na Kyaseni mpaka Mawela na Njari, na ninyi nyote mnaosikiliza kutoka pande nyingine za mlima. Natumaini kahawa imekwisha kuanikwa na ng'ombe wamepata majani, maana somo la leo lataka masikio matulivu.

Kuna neno ambalo husemwa mara nyingi katika madarasa yetu. Mzee mmoja akishindwa kuandika neno, husema, "Aa, hii ni lugha ya watu wa pwani, na wao wameipata kwa Waarabu na Waajemi. Sisi Wachaga twaazima kwa mtu aliyeazima." Basi leo tutalichunguza jambo hili. Je, ni kweli Kiswahili kimetoka kwa Waajemi? Na kama Waajemi walifika kweli, mbona hatusemi lugha yao? Tutaanza na kisa cha kale, kisha tutaingia katika sarufi, kwa sababu sarufi hukumbuka mambo ambayo vinywa vya watu vimekwisha kuyasahau.

Uajemi ni nchi iliyo ng'ambo ya bahari, kaskazini ya Ghuba, na leo huitwa Irani. Ndani yake umo mji uitwao Shirazi. Kando ya bahari palikuwa na bandari maarufu, Siraf, ambayo mabaharia wake walijulikana mpaka Bara Hindi na pwani yetu. Tetemeko la ardhi liliuharibu mji huo mwaka 977.

Sasa kisa chenyewe. Watu wa Kilwa walikuwa na historia yao iliyoandikwa. Mreno mmoja, João de Barros, aliichapisha kwa Kireno mwaka 1552. Tena yako maandiko ya Kiarabu, ambayo nakala yake Sultani Barghash wa Unguja alimpa Balozi wa Kiingereza, John Kirk, mwaka 1877. Humo twasoma kwamba mfalme mmoja wa Shirazi alisafiri na wanawe katika majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake. Mmoja akafika Kilwa. Akamkuta mwenye kisiwa, naye akakubali kukiuza kwa nguo: nguo nyingi kiasi cha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatandazwa, mwenye kisiwa akazichukua akavuka kwenda bara, na mgeni akawa mfalme.

Kisa hiki kilipendwa sana pwani. Watu wengi wa Unguja, Pemba na Mafia wamejiita Washirazi mpaka zamani zetu hizi, na wakati wa ukoloni jina hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa kabila na asili yake, na haki alizopata zilipimwa kwa hesabu hiyo. Chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa Unguja mwaka 1957 kilibeba majina yote mawili, la Afrika na la Shirazi, mpaka kilipoungana na TANU tarehe 5 Februari 1977. Kwa hiyo msidhani kwamba swali la Waajemi ni swali la wasomi tu. Watu wamepata na kukosa vitu vya kweli kwa sababu yake.

Sasa tuingie katika sarufi. Mwalimu aandike ubaoni sentensi hii:

Mimi nilinunua kitabu.

Someni wote pamoja. Kwanza yuko mtenda, mimi. Kisha lipo tendo, nilinunua. Mwisho kipo kitu kilichotendwa, kitabu. Huo ndio mpango wa kawaida wa sentensi ya Kiswahili. Mwajemi husema hivi: man ketab kharidam. Man ni mimi, ketab ni kitabu, kharidam ni nilinunua. Tukifuata mpango wake neno kwa neno, twapata: mimi kitabu nilinunua. Tendo limekaa mwisho, kama mzee wa mkutano angojaye wengine wote waseme kwanza. Kwa Kiajemi ndiyo kawaida. Mama mkate alioka, mtoto maji alimwaga, mgeni nyumba alijenga. Ushairi na mazungumzo huweza kuupindua mpango huo, lakini kiti cha tendo ni cha mwisho.

Tena litazameni neno lile kharidam. Alama ya "mimi" iko nyuma, ni ile -am. Kharidi ni ulinunua, kharidim ni tulinunua, kharidand ni walinunua. Mwajemi huweka alama ya mtenda mkiani mwa tendo. Sisi huiweka kichwani: ni-linunua, u-linunua, tu-linunua, wa-linunua. (Hapa mwalimu asimame kidogo, wanafunzi wapige mstari chini ya kichwa cha kila neno.)

Je, Kichaga hufanya namna gani? Semeni ninyi wenyewe, kwa Kiuru, "nilinunua" na "walinunua". Mwenye kusema ndiye atakayesikia. Alama ya mtenda iko mbele, kama ilivyo katika Kiswahili, na kama ilivyo kwa jirani zetu Wapare na kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya. Lugha hizi zote za Kibantu huanza na alama hiyo.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mwalimu aandike: kitabu kikubwa, vitabu vikubwa. Kiajemi husema ketab-e bozorg, yaani kitabu kikubwa. Bozorg ni "kubwa", na ile -e ndogo katikati ni kamba ya kufungia sifa kwenye jina lake. Vitabu vikubwa ni ketabha-ye bozorg. Mmeona? Jina limeongezewa -ha nyuma, kamba imebadilika kidogo kwa ajili ya sauti, lakini bozorg haikutikisika. Kikiwa kitabu kimoja au elfu moja, sifa ni ile ile. Katika Kiswahili jina huvuta kila kitu: kitabu hiki kikubwa changu kimepotea, vitabu hivi vikubwa vyangu vimepotea. Hesabuni ki na vi katika sentensi hizo, mtaona zinavyofuatana kama ng'ombe wa zizi moja.

Na ki na vi hizo, wazee wangu, hamkufundishwa na mtu wa pwani. Mlizaliwa nazo. Shamba la ukoo ni kihamba, na yakiwa mengi ni vihamba. Mfereji wa kuleta maji kutoka juu mlimani ni mfongo, na ikiwa mingi ni mifongo. Mtu ni mndu, watu ni wandu. Wekeni kihamba karibu na kitabu, mfongo karibu na mti, mndu karibu na mtu. Huo si mkopo wa juzi. Wazee wa zamani sana wa Mchaga na wa Mswahili walizungumza lugha moja kabla hawajaachana njia. Mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Bleek, aliyezilinganisha lugha hizi katika karne ya 19, ndiye aliyezipa jina la Bantu, kutokana na neno lenyewe la "watu".

Neno kitabu limetoka wapi? Ni neno la Kiarabu, kitab. Waajemi walilichukua, nasi tulilichukua. Mwarabu mwenyewe akitaka vingi husema kutub. Mwajemi alilipeleka nyumbani kwake akalivika nguo za kwao, akasema ketabha. Mswahili alisikia ki mwanzoni, akasema, "Huyu ni wa ukoo wa kiti na kisu," akatoa vitabu. Hapo mnaona jinsi lugha inavyopokea mgeni. Mgeni huingia kwa jina lake, lakini akishaingia hufuata desturi za wenye nyumba.

Sasa tuyatazame maneno ya Kiajemi yaliyo katika Kiswahili, maana yapo, tena si haba. Bandari ni bandar. Nanga ni langar. Pamba, rangi, bustani na bahati yana asili ya Kiajemi. Dirisha ni mlango mdogo: dar ni mlango, na mkia wake wa Kiajemi ni wa kudunishia kitu. Nahodha ni neno zuri kulifumua. Na au nav ni chombo cha bahari, khoda ni bwana. Sisi tungesema bwana wa chombo, na bwana angetangulia. Wao katika kuunga maneno ya namna hii husema chombo-bwana. Karakana ni kar, kazi, na khana, nyumba, yaani kazi-nyumba. Darubini ni dur, mbali, na bin, mwenye kuona: mbali-mwonaji. Hata Zanzibar inafumuliwa hivyo hivyo: Zang ni jina walilowaita watu weusi wa pwani hii, na bar ni pwani, yaani Zang-pwani. Wenyeji hawakukiita kisiwa chao hivyo. Walisema Unguja, na bado wanasema.

Katika maneno hayo mpango wa Kiajemi umelala ndani kama mbegu ndani ya parachichi. Lakini umelala. Hakuna Mswahili aliyejifunza kwa nahodha kuunga maneno mengine namna hiyo. Hatusemi gari-bwana, twasema mwenye gari. Neno limenunuliwa zima, ufundi wa kulitengeneza haukununuliwa. Tena twasema nahodha hodari amefika, manahodha hodari wamefika. A na wa ni zetu.

Na msifikiri kila neno la Kiajemi lilishushwa pwani na Mwajemi. Mengi yalipita kwa Waarabu, na mengine kwa Wahindi. Wafalme wa Kimughal waliotawala Bara Hindi waliendesha shughuli zao kwa Kiajemi, na hata Waingereza waliokuja baada yao waliendelea kukitumia katika mahakama mpaka mwaka 1837. Neno serikali latokana na sarkar ya huko, na yaelekea lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na makarani wa Kihindi. Kwa hiyo mtu akihesabu maneno ya Kiajemi, kisha akasema, "Hawa ndio Waajemi waliotuzaa," amehesabu mizigo akadhani amehesabu wasafiri.

Hapa lazima niwatahadharishe, kwa sababu wanafunzi wenye akili huenda wakaniuliza: mbona Kiajemi nacho hakitofautishi "yeye" mwanamume na "yeye" mwanamke, kama sisi? Ni kweli, wao husema u kwa wote wawili. Mbona sifa hufuata jina katika lugha zote mbili? Ni kweli pia. Mbona wao husema nakharidam, sikununua, na alama ya kukana iko mbele? Kweli kabisa. Lakini kufanana kwa namna hiyo hakuthibitishi undugu. Watu wawili wasiojuana waweza kujenga nyumba zenye milango miwili. Undugu huonekana pale vitu vyenyewe vinapolingana sauti kwa sauti, kama mtu na mndu. Ndugu wa Kiajemi wako kwingine: mama kwao ni madar, na Mwingereza husema mother, Mjerumani Mutter. Ndugu wa kiume ni baradar, na Mwingereza husema brother. Huo ndio ukoo wao.

Kiajemi chenyewe kimejaa maneno ya Kiarabu tangu dini ya Kiislamu ilipoingia nchini humo katika karne ya 7. Yaweza kuwa mengi kuliko tuliyo nayo sisi. Hata hivyo Ferdowsi alipomaliza utenzi wake mkubwa wa Shahnama, yapata mwaka 1010, alikuwa anaandika Kiajemi, na mpango wake ni wa Kiajemi. Hakuna asemaye kwamba Kiajemi ni lugha ya Waarabu. Mimi sioni kwa nini kipimo hicho kisitumike kwa Kiswahili.

Turudi basi kwenye historia. Ikiwa wafalme wa Shirazi walikuja, lugha yao ilikwenda wapi?

Wako waliosema kwamba hawakuja kamwe, na kwamba kisa chote ni cha kujitukuza. Mwanachuoni wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, naye aliona kwamba utawala wa Washirazi wa Kilwa ulianza nyuma ya wakati unaotajwa katika maandiko, na kwamba yaelekea walishuka kutoka pwani ya kaskazini, Banadiri, wala hawakutoka Uajemi moja kwa moja. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walitoa kitabu juu ya Waswahili, wakaonyesha kwa ushahidi wa lugha kwamba Kiswahili ni ndugu wa karibu wa lugha za Wamijikenda na Wapokomo, na kwamba kilikua hapa hapa.

Kisha mwaka 2023 ukatokea ushahidi wa namna nyingine kabisa. Wataalamu, miongoni mwao Esther Brielle, Chapurukha Kusimba na David Reich, walichunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwemo, na katika mji mmoja wa bara. Katika mifupa ya mtu mna alama za urithi, ambazo mtoto huzipata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Walikuta kwamba wengi wa watu wale wa mijini walikuwa na asili mbili. Upande wa Afrika ulitoka hasa kwa wanawake. Upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume, na sehemu kubwa ya wanaume hao walikuwa Waajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, wageni waliooa pwani walikuwa zaidi Waarabu.

Yafaa kukumbuka kwamba makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wenye nafasi, waliozikwa mijini. Wakulima na wavuvi wa vijijini ni habari nyingine. Lakini linganisheni habari hiyo na sarufi tuliyoisoma. Baba wa Kiajemi alikuja kweli, akaoa. Alitoa jina la ukoo, labda na mtaji wa biashara, na neno la nanga na la bandari. Lakini alikuwa baharini kwa miezi, akingoja upepo wa kusi na wa kaskazi. Aliyekaa na mtoto jikoni ni mama, pamoja na bibi na mashangazi. Mtoto alipotaka mkate hakusema "mimi mkate nataka". Alisema alivyosikia: nataka mkate. Ninyi wenyewe mnajua ni nani humfundisha mtoto kunena hapa Uru, na baba akiwa mbali Arusha au Tanga kwa kazi, mtoto huongea lugha ya nani.

Maandiko ya Kilwa yenyewe yanashuhudia bila kukusudia. Yule mfalme wa kwanza, anayetajwa kuwa mtu wa Shirazi, alipewa jina la utani, nalo ni Nguo Nyingi. Litazameni. Jina limetangulia, sifa imefuata, na ny- ya "nyingi" imefuata jamii ya nguo. Mwajemi wa ukoo wa kifalme anaitwa kwa sarufi ya Kibantu! Tena maandiko yasema wageni walipofika walimkuta Mwislamu mmoja aliyewatafsiria, Muriri wa Bari. Ile wa ya katikati si ya Kiajemi wala si ya Kiarabu.

Na kabla ya hapo, mwandishi wa Kiarabu al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu mwaka 916, aliandika cheo cha mfalme wa watu wa pwani. Kwa kuwa herufi za Kiarabu husomeka kwa namna zaidi ya moja, wasomi wamebishana, lakini wengi huona humo neno wafalme. Kama wamesoma sawasawa, basi alama yetu ya wa ilikuwa imekwisha kusikika pwani zaidi ya miaka 1,100 iliyopita.

Kuna sherehe moja ambayo ningependa mwifahamu. Kila mwaka mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, huadhimisha mwaka mpya wa kale. Asili ya hesabu ya mwaka huo ni Nairuzi ya Waajemi: nau ni mpya na ruz ni siku, yaani mpya-siku, mpango ule ule wa nahodha. Watu wa Makunduchi huiita Mwaka Kogwa, maana mwaka huoshwa, watu wakaingia baharini kuoga. Hesabu imesafiri kutoka Uajemi, lakini jina la sherehe yao limeanza na mw-, kama mwana na mwezi.

Mazoezi ya juma hili. Andikeni katika daftari sentensi tano zenye neno bandari, nahodha, dirisha, pamba na karakana, neno moja katika kila sentensi. Halafu geuzeni kila neno liwe la wingi, mkiangalia ni maneno gani mengine yanayogeuka pamoja nalo. Dirisha litawapa kazi zaidi: dirisha langu limevunjika, madirisha yangu yamevunjika. Mwisho, andikeni sentensi hizo kwa Kiuru, herufi mtakazoziona zinafaa, na mwalimu asiwasahihishe tahajia. Awaulize tu tendo mmeliweka wapi, na alama ya mtenda iko upande gani. Wasiojua bado kuandika haraka waseme, na jirani aandike.

Somo lijalo tutazungumza juu ya herufi za Kiarabu zilizotumika kuandika Kiswahili kabla ya hizi tunazotumia sasa. Kwaherini, wazee wangu.